Mikono ya Kocha Rimas

Huruma, Eldoret
9 Oktoba 2023

Mama mpendwa,

Habari ya huko nyumbani Ziwa? Natumaini wewe na Baba hamjambo na mmeanza kuvuna mahindi. Mimi ni mzima, lakini ni mwili tu.

Unamkumbuka Kocha Rimas, yule Mzungu wa Lithuania wa timu yetu ya mpira, pale ninapotibu wachezaji? Jana baada ya mechi walimpiga. Vijana watatu walimvuta nyuma ya vyoo vya uwanja. Wawili walimshika, wa tatu akamlaza mikono juu ya jiwe na kuiponda na nondo. Kidole kwa kidole, Mama. Nilisikia mayowe, nikafika wakitoroka. Mifupa ilikuwa imetokeza nje. Nilimfunga na leso yangu, damu ikapita tu.

Mama, Wakoli yuko wapi? Tangu Kocha amtoe golini na kumweka Kigen, kaka yangu amekuwa wa kutisha watu. Simu yake imezimwa.

Binti yako,
Nelima


Ziwa
14 Oktoba 2023

Nelima mwanangu,

Nakusalimu sana. Sisi tuko. Miguu ya baba yako bado inavimba lakini anatembea. Pole kwa hayo mliyoona.

Ndugu yako yuko hapa. Alifika Jumapili jioni, suruali imejaa damu. Alisema wamechinja mbuzi kwa rafiki. Nimeifua. Usiniulize zaidi. Mlinyonya titi moja, Nelima. Huyo Mzungu ana kwao, sisi kwetu ni hapa. Ukiulizwa, sema hukuona.

Mama yako


Huruma, Eldoret
22 Oktoba 2023

Mama,

Habari ya siku nyingi? Baba anaendeleaje na miguu?

Nimekuwa nikienda hospitali kila siku. Kocha amekatwa vidole viwili. Jana nikimlisha uji, alinieleza maisha yake. Kwao alikuwa kipa wa kutegemewa. Halafu siku moja akawekwa benchi. Alimvamia kipa mwenzake katika chumba cha kubadilishia nguo, akampiga mateke ya uso mpaka taya likavunjika. Alifungiwa kucheza, na hakuna timu iliyomtaka tena. Alifundisha watoto miaka sita ndipo wakamkubali kuwa kocha, na mwishowe akaja kwetu.

"Nilimwona Wakoli," akaniambia. "Alikuwa analia akinipiga. Polisi sitawaambia kitu. Mimi pia nilisamehewa."

Nikamuuliza, "Na yule kipa mwenzako, alicheza tena?"

"Hapana. Alikunywa pombe mpaka ikamuua." Akageukia ukuta.

Mama, juzi Wakoli alimpigia Kigen simu na namba ngeni: "Wewe ndiye unafuata." Kigen ana miaka kumi na tisa. Na kuna jambo nilikuficha katika barua ya kwanza. Siku ile nilimwona kaka yangu usoni, nondo ikiwa mkononi.

Leo nimeandikisha taarifa polisi. Nimewaambia na aliko. Sikutaka usikie kwa mtu mwingine.

Nelima


Ziwa
19 Novemba 2023

Nelima,

Natumaini u mzima. Mimi mguu unauma, na mkono wa baba yako umefungwa plasta.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya polisi. Nilikuwa nikimsomea baba yako, sikujua Wakoli amesimama mlangoni. Baba akamuuliza, "Ni kweli?" Alichukua jembe akampiga baba yake na mpini, mara nne, mpaka mkono ukalia kama kuni ikivunjika. Nilimshika mguu nikimsihi, akanikanyaga. Kisha akaketi akala ugali wake wote, na baba yake analia sakafuni.

Kesho yake polisi walimkuta nyuma ya ghala. Hata hakukimbia. Walimpiga na virungu mbele yangu. Akaita, "Mama, waambie waache!" Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Au sikutaka itoke, sijui.

Sikukuandikia mwezi mzima kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe. Bado ninayo. Kanisani watu wakiniona wanapunguza sauti. Lakini nikwambie jambo ambalo hata baba yako halijui: tangu Wakoli arudi na ile damu, nilikuwa nikilala na panga chini ya godoro. Mtoto wangu wa kuzaa. Sasa panga nimelirudisha jikoni.

Mwambie huyo Kocha pole. Krismasi usije. Njoo Pasaka, nitakuwa nimepoa.

Mama yenu