Herufi Moja kwenye Jiwe la Baba

Jumatatu, 4 Machi
Kaka ametuma maneno ya jiwe la kaburi la baba. Kwa Kiingereza, bila shaka — si yuko ughaibuni! “A man larger then life.” Nikasoma tena. Then! Hiyo ni “halafu”. Ukilinganisha unaandika than. Mtu mkubwa halafu maisha — ndiyo nini? Nimefundisha Kiingereza mpaka mvi zimenitoka, leo niweke kosa la mtoto juu ya kichwa cha baba?

Jumanne, 5 Machi
Nimempigia kaka. Niliongea kwa upole. Nadhani. Akaja juu! Eti yeye anaishi na wenye lugha, mimi nimeikuta vitabuni. Eti namkosoa tangu utotoni. Akakata simu.

Shangazi naye akataka tafsiri. Mkubwa kuliko maisha, nikamwambia. Akashika kiuno: kaka yake alinenepa lini? Na kweli, suruali za baba nilikuwa nazipunguza mimi mwenyewe! Nikaeleza — ni sifa, mtu anayejaza chumba, akicheka hata jirani anacheka. Basi andikeni hivyo, akasema. Wala hajakosea. Lakini kaka ameshaamua.

Jumatano, 6 Machi
Nimempigia kaka tena. Hapokei.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekuja na mama kwa mchonga mawe. Vumbi mpaka kwenye meno. Maneno ameyachora kwa penseli, patasi imeishia kwenye larger. Nikamwambia hapo mbele weka A, siyo E. Akachukua kifutio — mama akamshika mkono.

Akanivuta pembeni. Kaka yako hakupata ruhusa ya kusafiri, akasema. Hakumwona baba yake akishushwa. Hakutupa hata konzi ya udongo. Haya maneno ndiyo konzi yake. Mwachie.

Mwachie! Wanafunzi wangu watapita pale, watasoma, watacheka. Mama hajui Kiingereza, kosa halitamchoma. Nilitaka kumwambia. Badala yake nikafungua daftari hili.

Mchonga mawe amekwenda kunywa chai, akirudi anataka jibu moja. Naandika hapa hapa kwenye benchi lake. Mama yuko ubavuni, macho kwenye jiwe. Sasa hivi ameniuliza, taratibu:

“Hiyo A yako, mwanangu — inamfanya baba yako awe mkubwa zaidi?”

Mchonga mawe amerudi. Ameokota patasi. Ananiangalia mimi.