Kigoda cha Chumba cha Mvuke

Atupele, mwenzangu,

Nimekujazia fomu. Najua ungenisonya kwanza ndipo ucheke, lakini imeshatokea, na sina mwingine wa kumwambia.

Jumanne hospitali ilituletea mkufunzi wa kutupima tabia, kijana mmoja mwenye suti ya kubana. Matroni alisema manesi wote tujaze karatasi zake, ili kila mtu apangiwe kazi inayofanana naye. Ukienda harusini, unazungumza na wengi au unakaa na mmoja? Unapenda zaidi kupanga vitu au kufariji watu? Nilijibu kweli tupu, kwa sababu nilikuwa nimetoka zamu na sikuwa na nguvu ya kudanganya. Nikatoka "mtu wa vitu". Mkufunzi akasema mbele ya wote kwamba mtu wa aina yangu asiwekwe wodini. Wenzetu wakacheka, wala si kwa ubaya. Mimi nikamkumbuka baba, siku niliyompelekea habari kule Kilolo kwamba nakwenda kusomea unesi. Alisema, "Wewe mgeni akija unakimbilia jikoni. Utakuwa nesi wa kuku?"

Baba alikuwa anaona, Atu. Kuna jambo sikuwahi kukuambia. Siku ile tulipojaza fomu za kuchagua vyuo kwa shangazi yako Mlandege, mimi nilikuwa nimeshaandika maabara, kwa penseli. Ukainua kichwa ukasema, "Bubu, mimi naandika unesi. Wewe je?" Nikafuta. Nikanakili yako yote, hadi jina la chuo. Unesi sikuutaka. Nilitaka kwenda unakokwenda.

Na tuliweza, kwa namna yetu. Wewe mdomo, mimi mikono. Mimi natafuta mshipa wa mtoto, wewe unamtania mama yake mpaka anasahau sindano. Mimi naandika ripoti, wewe unaisoma. Mgonjwa akifariki, ulikuwa unavuta pumzi, unanyoosha gauni, unatoka kwenda kuwaambia ndugu zake. Mimi nabaki nyuma ya pazia na marehemu. Miaka yote ile sikuwahi kutoka hata mara moja.

Sasa natoka. Wiki tatu baada ya kukuzika Tukuyu, kuna baba mmoja, Msukuma wa kule Usangu, alileta mwanawe na mtoto hakupona. Nilimwambia kama ninayesoma ripoti: jina, saa, amefariki. Kisha nikasimama na faili kifuani. Fimbo yake alikuwa ameiegemeza ukutani, vizuri, isimzuie mtu njia. Akaniuliza taratibu, "Sasa nifanyeje, mama?"

Mama anayefagia korido ndiye aliyelaza ufagio chini, akamshika mkono, akamkalisha kwenye benchi. Mimi nilirudi ndani.

Nimechoka. Wala si miguu. Nikifika chumbani kwetu Iyunga nakaa kitandani na viatu vyangu, nakodolea macho upande wako. Mdogo wako alikuja kuchukua kitanda. Ukutani imebaki alama ya mafuta pale ulipokuwa unaegemeza kichwa, na mwenye nyumba anataka kupaka rangi. Nimemwambia asubiri.

Basi, ile fomu. Mkufunzi alibakiwa na karatasi, nikachukua moja, nikaandika jina lako. Nilijaza mbio. Harusini unazungumza na wote, hata wapishi. Kupanga vitu? Wewe ambaye soksi zako hazikuwahi kufanana? Nikaona kabisa utatoka mtu wa watu, nesi wa kuwekwa picha mapokezi. Mpaka nikafika swali la karibu na mwisho: ukikaa na watu kutwa nzima, unapata nguvu au unaishiwa?

Kalamu ikasimama. Wodi nzima ingejibu unapata. Ni mimi tu ninayejua.

Ukishawaambia ndugu, hukuwa unarudi wodini. Ulikuwa unakwenda kwenye chumba cha kuchemshia vifaa, unakaa kwenye kile kigoda nyuma ya mashine, mvuke umekuzunguka, uso magotini. Mara ya kwanza nilikufuata nikidhani unaumwa. Ukasema, "Funga mlango. Unadhani mimi nimeumbiwa hii kazi? Mdomo nao unachoka, Bubu." Nikafunga. Nikakaa sakafuni nikawa nakunja gozi za kufungia vidonda, maana zilikuwepo pale na mikono yangu haijui kukaa bure. Baadaye ukasimama, ukanawa uso, ukaanza kumtania mtu kabla hata hujamaliza kufungua mlango.

Nimejaza: unaishiwa. Karatasi ninayo, iko ndani ya Biblia yako.

Matroni amenipa mpaka Jumatatu nimjibu. Anayesimamia chumba kile kile cha mvuke anastaafu, na kwa majibu ya mkufunzi wanataka nikashike mimi. Wiki nzima nimejiona kama ninayekukimbia. Wodini ndiko ninakokuona, kwenye kila pazia. Lakini kwenye kazi hii nilikuja kwa kufuta langu na kunakili lako, na nikibaki sasa, nitakuwa nanakili karatasi ya mtu ambaye hajazi tena. Na yule baba, Atu. Alistahili mtu wa kumwambia akae.

Tumepata nesi mpya, Neema. Anaongea kama wewe, wagonjwa wanamfuata kwa macho. Alhamisi alizipa familia mbili habari za msiba kabla ya saa sita mchana. Nilimwona baadaye akitembea haraka kwenye korido, anashika kitasa kimoja, anaacha, anashika kingine.

Nitakwenda. Jumatatu nitamwambia matroni ndiyo, na mwenye nyumba nitamwambia apake rangi.

Pumzika, mwenzangu. Umeongea vya kutosha kwa ajili yetu sote wawili. Nakuahidi hili: kigoda sitakihamisha. Atakayeingia na uso kama ule wako, nitafunga mlango nyuma yake, nitakaa sakafuni, nitakunja gozi. Sitamuuliza kitu.

Wako,
Bubu