Stendi ya Laptop na Kitambaa cha Mama

Jumatatu, 3 Machi

Kilo kumi na nane za majani ya chai. Mvua. Gambuti zimejaa maji. Saa nane nilikaa mezani kufanya mazoezi ya gemu na timu, dakika ya ishirini laptop ikazima. Moto kama sufuria ya ugali. Imeshanizimia mara mbili katikati ya mechi. Akinyi, kapteni wetu aliye Kericho mjini, ameandika: Jumamosi ni mchujo, ukipotea tena nafasi yako anapewa mwingine. Hana makosa. Nimemkasirikia hata hivyo.

Jumanne, 4 Machi

Kaka yangu Kiprono anasema niuze laptop, ninunue ng'ombe. Eti msichana wa miaka ishirini na sita, gemu ni za nini. Laptop hii niliinunua kwa miezi kumi na minne ya zamu kiwandani, sehemu ya kunyausha majani. Ng'ombe nitamkamua mimi, mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, atakunywa yeye. Siuzi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshuka Litein kutafuta stendi ya kupoza. Kabla ya kuondoka nilichora tumbo la laptop kwenye karatasi ya mfuko wa unga, na matundu yake yote ya hewa.

Mwenye duka alinitolea stendi yenye feni sita ndogo na taa za kila rangi. "Hii ndio magemaz wote wanachukua, sister." Nikalaza mchoro wangu juu yake. Feni nne zinapuliza plastiki tupu. Stendi ni ya inchi kumi na tano, laptop yangu ni ya kumi na nane. Nikamwambia taa hazipozi kitu. Akacheka. Acha acheke.

Nyuma yake kulikuwa na nyingine, mbaya, nyeusi, haina taa hata moja. Feni moja kubwa, na sponji pembeni kuzuia hewa isitoroke. Hiyo naijua. Kiwandani majani hulala juu ya wavu, feni iko chini, na hewa haina pa kwenda ila kupitia kwenye majani. Nilimfanya aiwashe, nikaweka kiganja juu, nikakaa hivyo mpaka akachoka na mimi. Nimechukua ile mbaya.

Alhamisi, 6 Machi

Nilichelewa kutoka kwa kituo cha kupima majani. Mama alikuwa ameshanipangia meza, laptop juu ya stendi, chai kando. Nikawasha, nikaanza. Dakika ya thelathini na tano, ikazima.

Nimelia. Kiprono amecheka hadi akakohoa. Namchukia leo.

Ijumaa, 7 Machi

Kitambaa!

Niliinua laptop nipanguse vumbi, nikakikuta, kati ya laptop na feni. Cheupe, ua la njano katikati, cha kufumwa kwa mkono. Jana kingo zake zilikuwa zinaning'inia mbele ya macho yangu na sikuziona. Nyumba hii televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, thamosi ina kitambaa. Jicho limezoea.

Nilikitoa mbele ya Mama. Nikamwambia vitambaa vyake vitanipotezea nafasi, kwa sauti ambayo mtu hamwambii mamake. Alikikunja, akaenda jikoni. Kumbe amekuwa akikifuma tangu laptop iingie nyumbani.

Nimeona aibu. Lakini sikirudishi. Mazoezi saa nzima, haikuzima.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetoka shambani mapema. Kitambaa kiko tena kwenye stendi. Nilifungua mdomo nigombe.

Halafu nikaona katikati hakuna ua. Mama amelifumua lote, akafuma ukingo mpya kuzunguka shimo. Shimo linafuata sponji, kitambaa hakiigusi feni popote. Mchoro wangu wa mfuko wa unga ulikuwa kwenye kikapu chake cha nyuzi.

Mechi ilichukua saa mbili na nusu. Haikuzima. Tumepita, wa mwisho kwenye orodha, lakini tumepita. Akinyi ameandika nafasi ni yangu. Kiprono aliuliza matokeo akiwa mlangoni, nikamwambia.

Mama alikaa kando yangu muda wote akichambua maharagwe. Kila baada ya muda aliweka mkono pembeni mwa laptop.

"Iko baridi," alisema, akarudi kwa maharagwe yake.