Homa Niliyoificha

Alhamisi. Upepo wa mwezi wa nane hauna adabu. Tangu asubuhi unatumwagia vumbi, na haya ninayachapa kwenye simu nikiwa nimejitanda kanga hadi machoni. Nipo nyumbani kwa Mama Nyemo, mbele ya kijiji cha Zuzu, kwenye maboma ya wafugaji. Nitalala hapa. Nina furaha, na sitajifanya sina.

Unayesoma kwa mara ya kwanza, mimi ni fundi cherehani wa Miyuji, mjini. Kikundi chetu cha wanawake kilipewa fedha na halmashauri ili tuzifikie kaya ambazo watoto wao hawafiki kliniki, tukae na akina mama, tuzungumze nao kuhusu hofu ya chanjo. Muuguzi huja nyuma yetu na kisanduku chake cha baridi. Kazi yetu ni maneno tu.

Na maneno ninayo. Ndiyo yaliyoniponza.

Mwezi wa sita nilisimama mbele ya akina mama hawa nikiwa na fulana mpya ya mradi na kipaza sauti mkononi, nikawaambia sindano haina kitu. Mtoto anashtuka kidogo, basi, anaendelea kunyonya. Nilijua homa ipo. Wanangu wawili walichemka siku ile ile waliyochanjwa, kesho yake wakawa wazima. Ila niliona nikiitaja watakimbia, nikaifunika.

Watoto wote walichanjwa. Tukapiga picha, tukarudi mjini tunaimba.

Tulipokuja mwezi uliofuata kwa sindano ya pili, hatukukuta mtoto hata mmoja. Akina mama walikuwa wamekwenda kisimani na watoto wote, kisima ambacho siku zote huendewa na mtu mmoja na punda wake. Aliyebaki ni Mama Nyemo, ndiye aliyewatuma, na alibaki kwa ajili yangu. Kitindamimba wake, Yohana, alikuwa amechemka hadi alfajiri baada ya sindano ile, na yeye akakaa naye mapajani akiamini kwamba anampoteza.

"Bwana mifugo akija kuchanja ng'ombe homa ya mapafu," aliniambia, "anawadunga mkiani, na anasema mapema: mkia utavimba, msishtuke, dawa inafanya kazi. Ukivimba tunatulia. Kwenye ng'ombe tunaambiwa ukweli. Kwenye watoto wetu ukatuona hatuna akili?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Alisema siku nitakayokubali kulala hapa na homa ya Yohana, siku hiyo atamtoa achanjwe. Kifaduro kilikuwa kimeshaingia kitongoji cha pili, kile kikohozi kinachomkaba mtoto mchanga hadi anabadilika rangi, na Yohana alikuwa na sindano moja tu mwilini. Moja haitoshi. Niliondoka pale nikiwa na hofu ya kweli.

Shida ni kwamba kulala hakukuwa kwenye mpango. Kwenye mpango kulikuwa na fulana, kipaza sauti na mafuta ya gari. Afisa maendeleo ya jamii, kaka mmoja mpole anayelipenda sana neno "kifungu", aliniambia hakuna kifungu cha kulala. Wakishachanjwa, mnabaki kufanya nini?

Nikamjibu tunabaki kuingoja homa. Nikamsimulia ya mikia ya ng'ombe. Nikamwambia fulana aziondoe, na kipaza sauti akiondoe, maana huku boma zima linasikia mtu akikohoa. Badala yake aweke chakula na nauli za wanakikundi wawili kwa siku mbili kila baada ya chanjo. Akasema atalifikiria. Nilirudi mara tatu. Mara ya nne nilikwenda na kazi zangu, nikakaa kwenye benchi nje ya mlango wake nikipinda sketi za shule kwa mkono, na kila aliyepita akawa ananiuliza bei. Barua ya kuturuhusu kulala ilitoka siku hiyo hiyo.

Kuna watakaosema fedha ya umma haiwezi kumlipia mtu kukaa tu. Waje wakae wao.

Leo asubuhi, kabla muuguzi hajafungua kisanduku, nilisema yote. Mtoto atachemka, paja litavimba, atalia, atataka titi kila saa. Muuguzi akaeleza dawa ya homa inatolewaje, na kwamba mtoto akipata degedege au akikataa kabisa kunyonya hatungoji, tunampeleka zahanati, na pikipiki ipo hapa hapa. Halafu nikasema kwamba mwezi wa sita niliwadanganya.

Hawakumiminika. Mama Nyemo peke yake ndiye aliyeingia ndani na kutoka na Yohana. Wenzake wamesema wao watapita kesho alfajiri kumwangalia, ndipo waamue kama wawalete wa kwao. Muuguzi ameahidi kurudi asubuhi. Kwa hiyo boma zima linamtazama mtoto wa miezi minne, na linanitazama mimi.

Zamani ningeogopa. Leo siogopi, kwa sababu sina ninachokificha.

Saa kumi jioni amechemka. Paja limekuwa gumu kidogo, analia kilio cha hasira, na dakika ile ile ananyonya kama mwenye deni. Mama Nyemo alimgusa paji, akamgusa tumbo. Akamtoa kifuani, akanikabidhi, akajifunga kanga vizuri na kwenda jikoni kusonga ugali, bila hata kugeuka nyuma.

Mwanamke aliyewahi kunificha watoto wa boma zima ameniachia wa kwake, na homa yake.

Naishia hapa. Anahitaji mikono yangu yote miwili.