Neno "Kazi" Nyumbani Kwetu

Jumatatu, 3 Juni

Kaya tisa. Mtaa wa Kapata, upande wa shule. Vumbi mpaka kwenye meno. Tableti ilizimika mara mbili. Mbwa mmoja alinifukuza. Jile ya serikali, kizibao changu cha kazi, haikumtisha hata kidogo.

Mahojiano yenyewe ya takwimu za ajira nimeyazoea. Hodi, jina, umri, kisha swali kubwa: una kazi? Mtu akisema hana na wala hatafuti, tableti inafunga ukurasa, naenda nyumba ya pili. Leo wengi walisema hawana. Nimemaliza mapema. Nilifurahi, kwa nini nidanganye.

Baba amerudi saa kumi kama kawaida, kadi ya kampuni shingoni. Kampuni haijamwita kwa miaka mingi, wala haikumpa barua ya kumwachisha. Kwa hiyo, kwake, bado yuko kazini. Anakwenda kukaa na wenzake karibu na lango la zamani la kampuni, kisha anarudi. Hata siku za juma anaziita kwa hesabu ya baba yake, aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba: Jumatatu ni kazi moja, Jumanne kazi mbili, hivyo hivyo mpaka Jumamosi, siku ya posho. Posho ilikwisha, jina limebaki. Hapa nyumbani hakuna anayemsahihisha. Ni sheria.

Jumatano, 5 Juni

Kasulo. Mama Odile, mjane, watoto watano. Alikuwa anaosha mawe ya kijani ya shaba kwenye karai na hakuacha hata nilipoanza kumhoji. Nikamuuliza kama ana kazi. "Sina na kazi, mama." Mikono ndani ya maji. Nikabonyeza hapana. Ukurasa ukafungika.

Nilibaki nimesimama. Nikamuuliza, nje ya fomu: na hayo mawe je? Alicheka mpaka akaacha kuosha. "Hii haiko kazi! Kazi ni ya kampani. Hii ni kujitafutia tu."

Bila shaka. Hata mimi husema hivyo. Mama yangu anauza vitumbua, maandazi ya kwetu, tangu nikiwa shule ya msingi, na ukimuuliza atakwambia hana kazi. Lakini mimi nimesoma uchumi, nilipaswa kushtuka siku ya kwanza. Fomu ya Kifaransa inataka kujua kama mtu alijitafutia riziki hata kwa saa moja. Siku ya mafunzo, aliyeitafsiri ni mimi. Nilisimama mbele ya watu wote kwa majivuno: andikeni tu, una kazi? Wakanipigia makofi.

Mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwambia chef Mwamba, mkuu wa timu yetu. Nilidhani atanifukuza, na kandarasi hii ndiyo ya kwanza tangu nimalize chuo. Alivua miwani, akasema turudi. Nyumba zote. Timu haisemi nami. Kalenga peke yake, mhoji mwenzangu, amenikatia nusu ya mkate wake, tena kwa hasira.

Swali jipya: siku saba zilizopita, ulifanya nini ili mpate kula?

Jumanne, 11 Juni

Nyumba zilezile, watu walewale, majibu mengine kabisa. Mama Odile anaosha mawe, analima mihogo, anauza maji. Jirani yake, yule "asiye na kazi", anapakia magunia kwenye malori ya kwenda Fungurume. Binti wa nyumba ya tatu anasuka nywele mpaka vidole vinakufa ganzi. Wiki iliyopita niliwaandika wote kama watu waliokaa tu.

Miguu inauma. Nimefurahi sana. Safari hii furaha ya haki.

Jumatatu, 17 Juni

Orodha mpya ya nyumba imetoka. Yetu imo.

Siruhusiwi kuhoji kwetu. Kalenga atakuja Ijumaa. Baba amefurahi kama mtu aliyealikwa harusini. Ameomba shati jeupe lipigwe pasi. "Batu ya serikali banakuja kuniandika," amewaambia wenzake wote wa langoni.

Kwa swali langu la zamani angejibu kwamba ana kazi, na mambo yangeishia hapo. Sasa ataulizwa alifanya nini siku saba. Alikaa langoni, ndicho alichofanya. Itabidi aseme hivyo mbele ya mama, au aseme uongo. Mtego wa panya, na aliyeutega ni mimi.

Jumatano, 19 Juni

Sikula. Nimewaza kumwomba Kalenga atumie maneno ya zamani, nyumba moja tu, nani atajua. Nilishaandika ujumbe. Kabla ya kuutuma nikamwambia mama. Akasema, "Acha amuulize," akaendelea kuchuja mafuta yake.

Nilimkasirikia. Miaka yote tumemfichia baba aibu, leo anamwachilia hivihivi?

Ujumbe nimeufuta hata hivyo. Nilimrudia Mama Odile na swali lile. Baba yangu ni nani asiulizwe?

Ijumaa, 21 Juni

Kalenga alikuja saa tatu. Nilijificha jikoni, mlango wazi kidogo. Mama alianza. Vitumbua, siku sita, akamaliza haraka. Kisha Kalenga akamgeukia baba: "Na weye, tata? Siku saba zenye zilipita, ulifanya nini juu mukule?"

Kadi ilikuwa inagongagonga kifungo cha shati. Niliomba ukuta uanguke, chochote kitokee. Mama hakumsaidia. Alimtazama tu.

Baba akasema, kwa sauti ndogo: "Mi njo nakandaka bunga. Asubui, mbele batu balamuke. Bunga yote ya bitumbula, ni mi. Moto pia, ni mi nawashaka."

Kalenga akauliza tangu lini.

"Tangu kampani ilinyamaza."

Kalenga akabonyeza. Akamsomea: anafanya kazi, msaidizi katika biashara ya familia. Baba akamwomba asome tena. Akasoma tena.

Nimelia kwenye gunia la makaa kama mtoto. Ile sauti ya unga ukipigwa kwenye beseni nimeisikia kitandani miaka yote, nikadhani ni mama. Kumbe baba. Anakanda, ananawa, anavaa kadi, anatoka kabla jirani hajamwona na unga mikononi. Mama alijua, akamtunzia siri. Na mimi nimebisha hodi nusu ya mji nikiwauliza watu wanafanya nini. Kwetu sikuwahi kuuliza.

Kazi moja, 24 Juni

Baridi. Niliamka mapema nikitaka kuwasaidia. Baba akasema naharibu unga. Nikaondolewa.

Mbabula, lile jiko letu la makaa, halikuwa uani leo. Lilikuwa mbele ya nyumba, barabarani kabisa, na baba akilipepea, unga mpaka viwikoni. Jirani alipita akashangaa. Akamuuliza kama leo haendi kazini.

"Niko ku kazi," baba akamjibu. "Unataka bingapi?"

Alichukua vinne. Kadi ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikavaa jile, nikaenda zangu Musonoi. Kaya kumi leo.