Mtihani Hausahihishwi kwa Kiganja

Mbagala,
Jumapili jioni

Mdogo wangu Albano,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Masasi, wewe, wifi yangu na watoto, na goti lako liwe limepoa. Mimi ni mzima. Sauti tu imekauka kidogo, nawe utaelewa sababu.

Ulinipigia simu ukinisihi nimwombe radhi Mkuu wa shule, Mwalimu Isack, nisije nikapoteza kazi ya mkataba niliyopewa baada ya kustaafu. Habari uliipata kwa watu. Sasa ipate kwangu.

Shuleni kwetu maabara imekuwa stoo ya viti vibovu. Kidato cha nne hukariri majaribio ya kemia kutoka katika muhtasari alioandika Mkuu mwenyewe. Mimi niliwatoa uani. Tulitia bonge la magadi katika kikombe cha siki, na magadi yaliyotwangwa katika kikombe kingine. Bonge lilitoa viputo kwa uvivu. Yaliyotwangwa yalifurika povu mpaka mezani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa tena kwamba chembe ndogo huharakisha mmenyuko.

Kisha tulimimina mbolea ya urea katika ndoo ya maji, nikamwambia binti mmoja, Zuena, aishike ndoo na kuandika alichohisi. Alisema ni ya baridi. Daftarini akaandika kwamba imetoa joto. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa adabu kwamba muhtasari unasema kila kinachoyeyuka hutoa joto, na kwamba mtihani hausahihishwi kwa kiganja.

Albano, nimefundisha kemia tangu ukivaa kaptula, na sijapata kuumizwa na jibu kama hilo. Niliwaamuru wote waufute mstari ule wa muhtasari na waandike kwamba urea, ikiyeyuka, hufyonza joto kutoka katika maji.

Mkuu alisema nimemvunjia heshima mbele ya watoto. Nimwombe radhi kwenye kikao cha wazazi, ama nikalee wajukuu.

Kikao kilikuwa jana. Nilipoitwa mbele nilikwenda na ndoo yangu, nikamimina mbolea watu wote wakiona. Nikapaza sauti mpaka ikakauka, nikasema nitaomba radhi mara tu Mkuu atakapoishika na kutuambia kwamba ni ya moto. Aliishika, kisha akaanza kupekua karatasi zake. Mama mmoja muuza samaki akauliza kutoka nyuma kama Mkuu naye anasubiri muhtasari. Watu walicheka, nami, Mungu anisamehe, sikuwanyamazisha. Zuena hakucheka. Alitoka kwenye mstari wa wanafunzi waliosimama pembeni, akaweka kiganja chake kwenye ndoo, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba ni ya baridi.

Mkataba wangu ulikatwa palepale. Sikuomba radhi, na sitaomba.

Limebaki jambo moja, nami sitalizungusha. Chumba cha uani ninachokutunzia miaka yote hii, ili uje kukaa ukistaafu, nimekigeuza maabara. Juu ya kitanda chako nimelaza ubao wa fundi seremala wa Keko, na juu ya ubao zimepangwa chupa. Zuena anawaleta wenzake kesho baada ya masomo. Ukija utalala sebuleni, na hutagusa chupa yoyote.

Kama yuko mtu ninayepaswa kumwomba radhi, ni wewe. Basi nakuomba. Chumba sikirudishi.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde.

Ni mimi dada yako,
Eufrazia