Pono wa Malindi

Matinyani, Agosti 1978

Kwa mdogo wangu Kiema,

Barua yako kutoka Malindi ilifika, nikamsomea mama. Mbaazi zimekauka vizuri, na ng'ombe mwekundu amezaa.

Mama alicheka sana kusikia habari za yule samaki pono wa buluu mnayewaonyesha watalii, anayetafuna matumbawe na kunya mchanga. Mimi nilirudia kusoma pale uliposema kwamba dume akifa, jike mkubwa hubadilika rangi akawa dume, na kundi halitawanyiki.

Tangu tumzike mume wangu Musembi, ndugu zake wanalipima shamba kwa macho, kwa sababu sikumzalia mtoto. Basi nimeamua kumuoa msichana Mutindi, kama wajane wasio na watoto wa Ukambani wanavyooa tangu zamani. Watoto atakaozaa wataitwa wa Musembi. Mchungaji ameniondoa kwenye kwaya. Anasema Mungu hakuumba mwanamke awe mume.

Mimi siachi. Lakini mbuzi wa mahari wanahitaji ndugu wa kuwapeleka, na sina mwingine ila wewe. Njoo. Halafu Jumapili usimame kanisani, umuulize mchungaji pono aliumbwa na nani.

Dada yako,
Kalondu